Magari ya kitambo Embu: Jinsi ya kuchagua pointi na kondensa zitakazodumu

GARI la kitambo linapozimika ghafla katika mwinuko wa barabara ya Embu kuelekea Meru, dereva aghalabu hulaumu petroli, kabureta au betri. Hata hivyo, mara nyingi kiini cha tatizo ni vipuri viwili vidogo vinavyoenea katika kiganja cha mkono: pointi na kondensa.

Vipuri hivi havimo katika magari ya kisasa, ambayo huwasha petroli kwa mitambo ya kielektroniki. Lakini kwa mwenye Peugeot 404 au 504 ya petroli, Land Rover ya Series, Volkswagen Beetle, Morris Minor au pikapu ya Datsun 1200, hivyo ndivyo vinavyoamua iwapo atafika Runyenjes jioni au atalala njiani.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba kipuri kipya si lazima kiwe kizuri. Wapo wenye magari ambao hununua pointi na kondensa leo, wakafungiwa na fundi anayeijua kazi yake, na kabla ya wiki kwisha gari likazima tena. Baadhi yao huchoka na kuliuza gari kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu ilhali injini yake ingali na nguvu.

Hasara ya aina hiyo haifidiki kwa urahisi. Kanuni zinazosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) huzuia, kwa jumla, kuingizwa nchini kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kwa hivyo, Peugeot ya mwaka wa 1972 ikishakatwakatwa, kupata nyingine kama hiyo kutoka ng'ambo si jambo la kutarajia.

Makala haya yanaeleza kazi ya vipuri hivyo, dalili za kutambua vizuri na vibovu, na majaribio ambayo mnunuzi anaweza kuyafanya kabla ya kufunga safari.

Magari yaliyozoea mlima

Barabara za eneo la Embu ni mtihani kwa gari lolote. Zinateremka kutoka maeneo ya majani chai yanayopakana na msitu wa Mlima Kenya, kupitia mashamba ya kahawa ya Manyatta na Runyenjes, hadi nchi kavu ya Mbeere inayoelekea Mto Tana. Katika safari moja ya asubuhi, dereva anaweza kutoka kwenye ukungu na baridi ya Kianjokoma na kuingia katika joto la Kiritiri au Ishiara.

Ndiyo sababu magari imara yalipendwa sana huku. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari Rally katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, nayo 504 ikafuata mwaka wa 1975. Sifa hizo ziliwafikia wafanyabiashara na wakulima, na kwa miaka mingi Peugeot zilibeba abiria, mboga na miraa katika barabara za Mlima Kenya. Land Rover nazo zilikuwa gari la serikali, la misheni na la mwenye shamba.

Ni vyema kutaja mapema kwamba si kila gari la kitambo linahusika. Peugeot na Land Rover za dizeli hazina pointi wala kondensa, kwa kuwa dizeli huwaka kwa kushindiliwa ndani ya injini bila cheche. Yanayozungumziwa hapa ni ya petroli pekee.

Kazi ya pointi na kondensa

Betri ya gari hutoa volti 12. Plagi nayo, ili itoe cheche ya kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa, huhitaji volti zaidi ya 10,000. Kifaa kinachopandisha nguvu hiyo ni koili, ambayo ndani yake mna nyaya za aina mbili zilizozungushwa: wa kwanza una mizunguko michache na wa pili una maelfu ya mizunguko.

Umeme wa betri unapopita katika waya wa kwanza, nguvu ya sumaku hujengeka ndani ya koili. Umeme huo unapokatwa ghafla, nguvu ya sumaku huporomoka na kuzalisha volti nyingi katika waya wa pili, ambazo husafirishwa na rota hadi kwenye plagi inayohusika.

Kazi ya kufunga na kukata umeme huo ni ya pointi. Hizi ni vinundu viwili vya madini magumu ya tangisteni, kimoja kikiwa kimetulia na kingine kikiwa kwenye mkono wenye springi. Mkono huo una kisigino kinachosuguliwa na mhimili wa distribyuta, ambao katika injini ya silinda nne una pembe nne. Kila pembe inapopita, pointi hufunguka na cheche hutoka.

Kazi hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka mara 6,000 kwa dakika hiyo. Katika safari ya saa mbili kutoka Embu hadi Nairobi kwa mwendo huo, zitakuwa zimefunguka mara 720,000.

Kondensa ni kikopo kidogo cha chuma chenye waya mmoja. Pointi zinapofunguka, umeme hautaki kukatika; hujaribu kuruka pengo lile. Kondensa huupokea umeme huo kwa muda mfupi mno, na hivyo pointi haziungui na umeme katika koili hukatika kwa ghafla inayohitajika. Bila kondensa, cheche huishia kwenye pointi badala ya kufika kwenye plagi.

Mfumo huu wa betri, koili na pointi ulipata umaarufu kupitia kazi ya Mmarekani Charles Kettering na kampuni ya Delco, ambayo vifaa vyake vilianza kutumika katika magari ya Cadillac ya mwaka wa 1910. Ulidumu katika magari mengi ya petroli hadi miaka ya 1970 na 1980, mifumo ya kielektroniki ilipouondoa.

Fuata distribyuta, si jina la gari

Kosa la kwanza hufanyika kaunta. Mnunuzi huomba "pointi za Land Rover" au "pointi za Peugeot", naye muuzaji humpa pakiti ya kwanza anayoifikia.

Aina ya pointi huamuliwa na distribyuta wala si jina lililoandikwa kwenye boneti. Land Rover ya Series inaweza kuwa na distribyuta ya Lucas 25D, ya Lucas 45D iliyofuata, au, kwa baadhi ya zile za Series III za mwisho, ya Ducellier. Pointi za moja hazitoshei nyingine. Peugeot nyingi zilitumia Ducellier, lakini si zote. Beetle hutumia Bosch, na Beetle nyingi zimebadilishiwa distribyuta ile inayojulikana kwa tarakimu zake za mwisho, 009.

Isitoshe, magari haya yana umri wa miaka 40 au 50 au zaidi. Katika muda huo yamepita mikononi mwa mafundi wengi wa jua kali, na huenda distribyuta iliyomo siyo iliyotoka kiwandani. Si ajabu kukuta ya gari jingine kabisa ikifanya kazi kwa uaminifu.

Kwa hivyo, kabla ya kwenda dukani, safisha upande wa nje wa distribyuta kwa kitambaa kilicholowa petroli, injini ikiwa baridi, kisha usome na uandike jina la mtengenezaji na nambari iliyochapwa kwenye chuma. Fungua kifuniko na uangalie iwapo kondensa imo ndani, kama ilivyo katika Lucas, au imefungwa kwa nje, kama ilivyo katika Bosch na Ducellier. Jambo bora zaidi ni kwenda na vipuri vikuukuu mkononi ili uvilinganishe na vipya hapo hapo.

Kagua pointi kabla ya kulipa

Sifa tano hutofautisha pointi nzuri na mbaya, na zote zinaonekana kwa macho au kuhisiwa kwa kidole.

Ya kwanza ni kisigino. Pointi nzuri zina kisigino cha nyuzi ngumu zilizoshindiliwa au plastiki ngumu isiyoyeyuka kwa joto. Kisigino laini kinachokwaruzika kwa ukucha kitaliwa upesi. Kinapoliwa, pengo la pointi hupungua, cheche huchelewa, na injini hupoteza nguvu na kupata joto kupita kiasi, hasa gari likipanda mlima na mzigo. Kikague pia kilivyoshikizwa kwenye mkono, kikicheza, zirudishe.

Ya pili ni mlingano wa vinundu. Vinapofungana, vinapaswa kukutana uso kwa uso, bila kimoja kupita ukingo wa kingine. Vikikutana kwa pembe, sehemu ndogo ndiyo itakayobeba umeme wote na kuungua mapema.

Ya tatu ni springi. Ikilegea, pointi hushindwa kujifunga kwa wakati injini inapozunguka kwa kasi, na gari hukohoa. Ikikazwa mno, kisigino na mhimili husagika. Linganisha na pointi zako za zamani kwa kuzifungua kwa kidole, zisiachane sana.

Ya nne ni mkono wenyewe unavyozunguka kwenye kijiti chake. Unapaswa kwenda na kurudi bila kukwama na bila kuyumba pembeni.

Ya tano ni vihami, yaani vile vipande vya plastiki au karatasi ngumu vinavyozuia mkono wenye umeme kugusa bamba la distribyuta. Kihami kikipungua au kikipasuka, umeme huenda moja kwa moja kwenye bodi na gari haliwaki kabisa. Hili ni kosa linalowahangaisha wengi baada ya kufunga pointi mpya, kwani huona kila kitu kipo ila cheche.

Kondensa ndiyo yenye hila

Pointi mbovu hujionyesha. Kondensa haijionyeshi, kwani ubovu wake umo ndani ya kikopo kilichofungwa. Ndiyo maana ndiyo inayowaponza wengi zaidi.

Ndani ya kikopo mna kanda mbili nyembamba za metali zilizoviringishwa pamoja na kutenganishwa na karatasi au plastiki. Katika kondensa iliyotengenezwa kwa uangalifu, waya hushikanishwa imara na kanda hizo, na mdomo wa kikopo huzibwa ili unyevu usiingie. Katika zilizotengenezwa kwa kubana gharama, waya hugusana na kanda kwa msukumo tu. Mtetemo na joto vikizidi, mgusano huo huachana. Injini ikipoa, hurudiana.

Hapo ndipo hutokea ile tabia inayowachanganya madereva: gari huwaka vizuri asubuhi, likaenda kilomita 20, likaanza kukohoa na kupiga mlio kwenye bomba la moshi, likazima, likikaa kivulini nusu saa, likawaka tena kana kwamba halikuwa na tatizo. Kondensa iliyokubali baridi ya Kianjokoma inaweza kukataa joto la Ishiara.

Mwenye mita ya umeme inayopima kondensa anaweza kupata jibu la kwanza. Kondensa nyingi za magari ya pointi huwa na kiwango cha kati ya maikrofaradi 0.18 na 0.30. Ikisoma nje kabisa ya kiasi hicho, usiinunue.

Jaribio la pili ni la uvujaji. Weka mita kwenye kipimo cha juu cha omu, shika waya mmoja wa mita kwenye waya wa kondensa na wa pili kwenye kikopo. Usomaji unapaswa kuruka kisha kupanda hadi mamilioni ya omu au kutoonyesha mpito wowote wa umeme. Ukibaki chini, kondensa inavuja na haifai.

Hata hivyo, mita hutumia volti chache tu, ilhali kondensa ikiwa kazini hukabiliana na volti 200 hadi 400 kila pointi zinapofunguka. Kwa sababu hiyo, kufaulu kwenye mita si hakikisho. Ipashe joto: iweke ndani ya mfuko wa plastiki usiopenya maji, uitumbukize katika maji moto kwa dakika kumi, kisha uipime upya mara moja. Nyingi zilizo dhaifu huanguka katika jaribio hili. Fundi mwenye mashine ya kupima vihami kwa volti 250 au zaidi anaweza kukupa jibu la uhakika zaidi.

Usiitupe ya zamani

Katika miaka ya nyuma, ilikuwa desturi kubadilisha pointi na kondensa kwa pamoja. Desturi hiyo ilikuwa na maana wakati kondensa zilipokuwa rahisi kupatikana na ubora wake ukiaminika.

Leo inafaa kufikiriwa upya. Pointi huchakaa kwa kusuguana na kuungua, kwa hivyo ni lazima zibadilishwe. Kondensa haina kitu kinachosuguana. Iliyofanya kazi miaka kumi bila tatizo imethibitisha uthabiti wake katika joto, mtetemo na mvua. Mpya haijathibitisha lolote. Iwapo gari lako halina dalili ya ubovu wa kondensa, iache mahali pake na ununue mpya ya akiba.

Pointi kuukuu zenyewe ndizo shahidi. Zikiwa na rangi ya kijivu iliyosawazika, kondensa inafanya kazi. Zikiwa zimeungua na kuwa na rangi ya samawati au nyeusi, au zikiwa na kilima kirefu upande mmoja na shimo upande wa pili, huenda kondensa ni dhaifu au kiwango chake hakilingani na koili.

Jihadhari pia na vitu viwili vinavyofanana na kondensa nzuri. Cha kwanza ni kondensa ya redio, ambayo hufungwa upande wa chanya wa koili ili kuondoa kelele. Umbo lake ni lile lile lakini kiwango chake aghalabu ni kikubwa zaidi, na haifai kwa pointi. Cha pili ni kondensa iliyokaa dukani tangu enzi za gari lenyewe. Pakiti yake inaweza kuwa asilia na jina lake la kuaminika, lakini karatasi iliyo ndani huenda imefyonza unyevu kwa miongo kadhaa. Ipime kama nyingine yoyote.

Kwa upande mwingine, kondensa ya gari tofauti inaweza kutumika iwapo kiwango chake kinalingana na inafungika imara. Wapo mafundi wanaotumia kapasita za kisasa za plastiki zenye maikrofaradi 0.22 na uwezo usiopungua volti 600, zilizotengenezewa kazi ya misukumo ya umeme, na kuzifunga nje ya distribyuta mbali na joto. Njia hiyo ni halali ikifanywa kwa nyaya imara na mgusano safi na bodi.

Koili inaweza kuwa mkosaji

Mwenye gari anayechoma pointi kila mwezi asiendelee kununua nyingine kabla ya kupima koili.

Koili za volti 12 za kawaida huwa na ukinzani wa takriban omu 3 katika waya wa kwanza. Gawanya 12 kwa 3, na utaona kwamba pointi hubeba takriban ampea 4, mzigo zinaoumudu. Lakini zipo koili za omu 1.5 zilizokusudiwa kufanya kazi na kipunguza umeme, ambacho ni waya maalumu au kipande cha kauri kilicho kati ya swichi na koili.

Koili ya aina hii ikifungwa bila kipunguza umeme, pointi hulazimika kubeba ampea 8 au zaidi. Hakuna pointi, hata ziwe asilia namna gani, zitakazohimili mzigo huo kwa muda mrefu. Kwa kuwa koili zote mbili hufanana kwa nje, usinunue bila kupima.

Vile vile, usiache swichi ikiwa imewashwa huku injini imezimika, kwa mfano ukisikiliza redio. Pointi zikiwa zimefungana, umeme hupita bila kukoma na kuipasha koili moto hadi iharibike.

Kufunga kwa uangalifu

Pointi nzuri zikifungwa vibaya huwa sawa na mbovu. Pointi mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu kiwandani. Zipanguse kwa kitambaa safi kilicholowa spiriti au petroli, kisha upitishe karatasi nyeupe kavu katikati yake. Usizikwaruze kwa msasa, kwani chembe zake hubakia na kusababisha kuungua.

Zungusha injini hadi kisigino kiwe juu kabisa ya pembe ya mhimili, kisha upime pengo kwa geji. Kwa Land Rover ya Series na Morris Minor, pengo ni milimita 0.35 hadi 0.40. Beetle na Peugeot 404 na 504 hutumia takriban milimita 0.40, nayo Datsun 1200 milimita 0.45 hadi 0.55. Ukikaza skrubu, pima tena, kwa maana pengo husogea wakati wa kukaza.

Paka grisi isiyoyeyuka kwa urahisi kwenye mhimili, kiasi cha punje ya mchele tu. Kukosa grisi hula kisigino; kuizidisha huirusha kwenye pointi na kuziunguza.

Baada ya hapo, pima taimingi upya. Kila pengo la pointi linapobadilika, wakati wa cheche hubadilika pia. Pengo likipungua, cheche huchelewa. Likizidi, cheche huwahi na koili hukosa muda wa kujaza nguvu injini inapokwenda kasi. Baada ya kilomita 500 hivi, angalia pengo tena kwa kuwa kisigino kipya hujikalisha. Kuanzia hapo, ukaguzi wa kila kilomita 5,000 unatosha.

Iwapo pengo halitulii hata kwa pointi nzuri, shika ncha ya mhimili wa distribyuta na uusukume kando. Ukicheza kwa kiasi unachoweza kukihisi waziwazi, bushi zimeliwa. Hapo dawa si pointi bali ni kuchongesha bushi mpya kwa fundi wa mashine.

Je, uhamie mfumo wa kielektroniki?

Vipo vifaa vidogo vinavyoingia ndani ya distribyuta ya zamani na kuchukua nafasi ya pointi na kondensa kwa pamoja. Havina kisigino cha kuliwa, pengo halibadiliki, na gari huwaka kwa wepesi.

Udhaifu wake ni kwamba vinapoharibika haviwezi kutengenezwa kwa bisibisi kando ya barabara. Pointi huchoka polepole na kutoa dalili. Kifaa cha kielektroniki huweza kufa papo hapo. Vingine huharibika kwa kuachiwa swichi ikiwa imewashwa au kwa nyaya za betri kugeuzwa. Aidha, magari mengi ya Uingereza ya hadi katikati ya miaka ya 1960 yalifungwa upande wa chanya wa betri kwenye bodi, na kifaa kisicholengwa mfumo huo kitaungua mara kinapounganishwa.

Anayeuchagua mfumo huo afanye hivyo kwa hiari yake, lakini abebe pointi na kondensa zilizopimwa ndani ya gari.

Mahali pa kununua na haki ya mnunuzi

Wengi wa wenye magari ya kitambo wa Embu husafiri hadi Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wakongwe bado huiita Grogan, kutafuta vipuri. Wengine huagiza kutoka Uingereza, Ufaransa au Ujerumani kupitia intaneti. Popote pale, jina kwenye pakiti pekee lisikuridhishe, kwa kuwa pakiti ni rahisi kuiga kuliko kipuri.

Tazama chapa iliyo kwenye kipuri chenyewe, ulinganifu wa maandishi na uimara wa riveti. Itisha risiti yenye maelezo ya kipuri na ukubaliane na muuzaji kuhusu kukirudisha. Kuuza bidhaa ghushi ni kosa chini ya Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya mwaka wa 2008, lakini bila risiti huna pa kuanzia kulalamika.

Gari likikuzimikia

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Gari likizima siku chache baada ya kufungiwa kipuri kipya, mshuku mgeni huyo kwanza kabla ya kuifungua kabureta.

Ondoa kifuniko cha distribyuta, washa swichi, na pointi zikiwa zimefungana, zifungue kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki. Cheche ndogo ya samawati ni ya kawaida. Mwako mkubwa wa manjano ni ishara ya kondensa iliyokufa. Kusipokuwa na cheche yoyote, umeme haufiki au unaishia kwenye bodi, pengine kupitia kwenye kondensa iliyoshikana ndani. Usiguse nyaya nene za plagi unapofanya hivi.

Ikiwa kondensa ndiyo mbovu, tenganisha waya wake, chukua nyingine nzuri, unganisha waya wake kwenye upande wa koili unaokwenda kwa pointi, na ukifunge kikopo chake kwenye chuma kisafi cha bodi. Si lazima iingie ndani ya distribyuta. Gari litakufikisha nyumbani.

Kwa hivyo, kila mwenye gari la aina hii anashauriwa kuweka ndani ya gari pakiti moja ya pointi, kondensa moja iliyopimwa kwa joto, geji, bisibisi na kipande cha waya. Kondensa ile kuukuu iliyotolewa ikiwa ingali nzima nayo iwekwe humo. Katika giza la barabara ya kuelekea Siakago, hiyo iliyokwisha kuthibitika ina thamani kuliko mpya ambayo hakuna aliyeijaribu.